Mawe ya figo si ya aina moja: Kwa nini mgonjwa anafaa kujua jiwe lake limeundwa na nini

MTU aliyewahi kuugua mawe ya figo hasahau maumivu yake. Huanza ghafla ubavuni au mgongoni chini ya mbavu, hushuka hadi kwenye kinena, huja kwa mawimbi na kumfanya mgonjwa agaegae bila kupata mkao wa kumtuliza. Maumivu hayo huwa yale yale kwa mvuvi wa Mbita, mchimba dhahabu wa Macalder na mkulima wa miwa wa Awendo. Lakini jiwe linaloyaleta huenda likawa tofauti kabisa kwa kila mmoja wao.

Jambo hili halifahamiki na wengi. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kama kwingineko nchini, mgonjwa anayeambiwa kwamba ana mawe kwenye figo hupokea ushauri wa kila aina kutoka kwa jamaa na majirani: aache maziwa, aache omena, asile mboga fulani, anywe maji ya ndimu. Ushauri huo hutolewa kana kwamba mawe yote ni mamoja. Ukweli ni kwamba kinachomfaa mgonjwa mmoja chaweza kumdhuru mwingine, na kinachoamua ni kile kilicholiunda jiwe lenyewe.

Suala hili ni muhimu kwa kuwa ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Takriban nusu ya watu waliowahi kupata jiwe hupata jingine ndani ya miaka 10 wasipochukua hatua za kujikinga. Mawe yanayorudi tena na tena huweza kuziba njia ya mkojo, kuleta maambukizi na hatimaye kuiharibu figo.

Jinsi jiwe linavyoanza

Kazi ya figo ni kuchuja damu na kutoa takataka na chumvi za ziada kupitia mkojo. Chumvi hizo huyeyuka katika maji ya mkojo na kutoka nje bila mtu kuhisi lolote.

Matatizo huanza maji yanapopungua au chumvi zinapozidi. Sawa na chumvi inayobaki chini ya sufuria maji yakikauka, madini yaliyomo kwenye mkojo huanza kugandamana na kuwa chembe ndogo ngumu. Chembe hizo zikinasa ndani ya figo huendelea kukua, tabaka juu ya tabaka, kwa miezi au hata miaka.

Mwili una kinga yake. Mkojo wa mtu mwenye afya huwa na sitreti na magnesiamu, ambazo huzuia chembe zisishikamane. Mtu anayetoa sitreti kidogo kwenye mkojo hupata mawe kwa urahisi zaidi, hata kama anakula chakula kile kile anachokula jirani yake asiyeugua.

Jiwe likiwa limetulia ndani ya figo, mara nyingi halina maumivu. Uchungu mkali huja linapoteleza na kukwama katika mrija mwembamba unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni.

Aina kuu za mawe

Tofauti hizi zilianza kutambuliwa zamani. Mnamo 1776, mwanakemia Carl Wilhelm Scheele aligundua asidi ya yuriki alipokuwa akichunguza mawe ya kibofu nchini Uswidi. Mnamo 1797, Mwingereza William Hyde Wollaston alieleza aina nyingine kadhaa, na mwaka wa 1810 akagundua ile ya sistini.

Aina inayopatikana zaidi duniani ni ya kalsiamu, ambayo huchukua takriban asilimia 80 ya mawe yote. Mengi kati ya hayo ni ya oksaleti ya kalsiamu. Oksaleti ni kemikali iliyomo katika mimea mingi na pia hutengenezwa na ini. Machache ni ya fosfeti ya kalsiamu, ambayo hujitokeza zaidi mkojo ukiwa umepungukiwa na asidi. Mawe ya fosfeti yanaporudi mara kwa mara, daktari huchunguza kama tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu mwilini zina hitilafu.

Aina ya pili ni ya asidi ya yuriki, ambayo ni kati ya asilimia 5 na 10. Haya hutokea mkojo unapokuwa na asidi nyingi, hasa kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5. Huwapata zaidi watu wenye jongo, kisukari au unene wa kupindukia, na pia wale wanaoharisha kwa muda mrefu. Mawe haya hayaonekani katika picha ya kawaida ya eksirei, ingawa huonekana kwa ultrasaundi na kwa skani ya CT.

Aina ya tatu ni struviti, yaani mawe ya maambukizi. Huundwa na magnesiamu, amonia na fosfeti baada ya bakteria fulani kuivunja urea iliyomo kwenye mkojo. Wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume kwa sababu huambukizwa mara nyingi katika njia ya mkojo. Wamo hatarini pia watu waliowekewa mpira wa mkojo kwa muda mrefu. Mawe haya hukua haraka na huweza kujaza vyumba vyote vya figo, yakitoa matawi mithili ya mzizi wa tangawizi, huku mgonjwa akihisi uchovu na maumivu kidogo tu.

Aina ya nne ni sistini, takriban asilimia moja. Chanzo chake ni kasoro ya kurithi, na dalili zake huanza utotoni au ujanani. Mtoto mwenye jiwe la figo anafaa kupimwa kwa makini, maana nyuma ya jiwe lake huenda kuna ugonjwa wa kurithi unaoweza kuwa pia kwa ndugu zake.

Zaidi ya hayo, mawe mengi ni mchanganyiko. Kiini chaweza kuwa cha asidi ya yuriki na ganda la nje likawa la oksaleti ya kalsiamu. Aidha, mtu aliyekuwa na jiwe la aina moja anaweza miaka kadhaa baadaye kupata la aina nyingine, kwa kuwa umri, maradhi na chakula chake vimebadilika.

Joto na kazi za jua

Kwa muda mrefu katika karne ya 20, madaktari waliohudumu Afrika kusini mwa Sahara waliyaona mawe ya figo kuwa nadra miongoni mwa Waafrika. Nchini Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walitumia miaka mingi kuchunguza sababu ya hali hiyo. Leo, huku vyakula na mitindo ya maisha ikibadilika na vifaa vya kupiga picha za ndani ya mwili vikienea, maradhi haya si ya kigeni tena.

Migori na Homa Bay zina mambo kadhaa yanayoweza kuamua mtu atapata jiwe la aina gani. La kwanza ni joto. Kaunti hizi ziko karibu na ikweta, kando ya Ziwa Victoria, na katika nyanda za chini joto la mchana hufika nyuzi 30. Wakazi wengi hufanya kazi za kutoa jasho: kuvua samaki, kukata miwa, kuchimba dhahabu ndani ya mashimo yenye hewa nzito, kubeba mizigo sokoni au kuendesha bodaboda kuanzia alfajiri.

Mtu akitoa jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, mkojo wake huwa mchache, mzito na wenye asidi nyingi. Hali hiyo huchochea mawe ya oksaleti ya kalsiamu na hasa ya asidi ya yuriki. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1993 kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha vioo nchini Italia ulionyesha kwamba waliofanya kazi karibu na tanuri walipata mawe zaidi ya mara tatu kuliko wenzao waliokuwa mahali penye ubaridi. Sehemu kubwa ya mawe yao ilikuwa ya asidi ya yuriki.

Wapo wanaojinyima maji makusudi. Mchuuzi asiye na choo karibu na kibanda chake na dereva asiyetaka kusimama njiani hunywa kidogo ili wasisumbuke. Pale ambapo maji safi hununuliwa kwa mtungi, familia hutanguliza mapishi na usafi, na maji ya kunywa yakapungua.

Maradhi na dawa

Jambo la pili ni maradhi mengine. Kichocho ni ugonjwa unaojulikana sana kandokando ya ziwa. Aina iliyoenea zaidi katika Ziwa Victoria hushambulia matumbo na ini. Lakini ipo nyingine, inayopatikana katika baadhi ya vijito na mabwawa ya Nyanza na hasa katika maeneo ya Pwani, ambayo hushambulia kibofu na mirija ya mkojo. Makovu yake huzuia mkojo usitiririke vizuri, na mkojo uliotuama hualika maambukizi na mawe.

Ugonjwa wa selimundu, ambao pia huathiri familia nyingi katika eneo la ziwa, huweza kuleta damu kwenye mkojo kwa kudhuru sehemu za ndani za figo bila kuwapo jiwe lolote. Kwa hivyo, si kila anayekojoa damu ana mawe, na vipimo ndivyo vinavyopaswa kuamua.

Jambo la tatu ni dawa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulibaini kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila watano katika Kaunti ya Homa Bay alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi. Dawa za kupunguza makali ya virusi zimeokoa maisha ya watu wengi sana. Hata hivyo, chache miongoni mwake huweza kugandamana kwenye mkojo na kuwa mawe.

Iliyojulikana zaidi kwa jambo hilo ilikuwa indinavir, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1996 na ambayo baadaye iliachwa kutumiwa. Atazanavir, ambayo hupewa baadhi ya wagonjwa ambao dawa za kwanza hazikuwafaa, nayo huweza kufanya hivyo mara chache. Mawe ya indinavir hayakuonekana hata kwa skani ya CT, na yale ya atazanavir mara nyingi ni vigumu kuyaona. Ndiyo maana mgonjwa anapaswa kumweleza daktari kila dawa anayotumia. Hapaswi kamwe kuacha dawa hizo kwa hiari yake. Daktari ndiye mwenye uwezo wa kuzibadilisha bila kuhatarisha maisha yake.

Ulimwengu ulipata funzo kubwa mwaka wa 2008 nchini China. Watoto wapatao 300,000 waliugua baada ya kunywa maziwa ya unga yaliyotiwa kemikali ya melamini, na sita wakafariki. Mawe yaliyotolewa kwa watoto hao yalikuwa na melamini pamoja na asidi ya yuriki. Jiwe lenyewe likawa shahidi wa sumu iliyokuwa kwenye chupa ya maziwa.

Maziwa, viazi na omena

Jambo la nne, na ambalo huzua ubishi mwingi, ni chakula. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa mawe mengi yana kalsiamu, basi dawa ni kuacha maziwa. Utafiti umeonyesha kinyume. Mwaka wa 1993, watafiti wa Marekani waliofuatilia wanaume zaidi ya 45,000 walibaini kuwa waliokula vyakula vyenye kalsiamu kwa wingi walipata mawe machache kuliko waliokula kidogo.

Mwaka wa 2002, madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya kufuatilia kwa miaka mitano wanaume 120 waliokuwa na mawe ya oksaleti ya kalsiamu. Kati ya 60 waliopunguza kalsiamu, 23 walipata mawe tena. Kati ya 60 walioendelea na kalsiamu ya kawaida lakini wakapunguza chumvi na nyama, waliopata mawe tena walikuwa 12 pekee.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Kalsiamu na oksaleti zikikutana tumboni wakati wa kula, hushikamana na kutoka pamoja na choo. Kalsiamu ikikosekana, oksaleti hupenya hadi kwenye damu, kisha kwenye figo.

Hapa mapishi ya jadi yana jambo la kufunza. Jamii ya Waluo imezoea kuchemsha mboga za kienyeji kisha kuzipika kwa maziwa. Kuchemsha mboga na kumwaga maji yake hupunguza oksaleti, nayo maziwa hushika sehemu ya ile iliyobaki. Mchicha, viazi vitamu vinavyolimwa kwa wingi Kabondo, njugu karanga na chai ya rangi vyote vina oksaleti. Mtu asiye na mawe hana haja ya kuviogopa. Aliye na mawe ya oksaleti anashauriwa kuvipunguza na kuvila pamoja na maziwa au mala, si kuyakimbia maziwa.

Omena ni mfano mzuri zaidi wa jinsi ushauri unavyotegemea aina ya jiwe. Samaki hawa huliwa wazima, na mifupa yao midogo ni chanzo kizuri cha kalsiamu. Lakini sawa na dagaa wengine, wana viambato ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ya yuriki. Mgonjwa mwenye jiwe la asidi ya yuriki anayekula omena kila siku ana sababu ya kupunguza. Mwenye jiwe la oksaleti hana sababu ya kuwaacha, mradi ale kwa kiasi na chumvi iwe kidogo. Mwenye struviti akiacha omena hatapata nafuu yoyote, maana adui yake ni bakteria.

Ndimu vilevile. Sitreti iliyomo ndani yake huwasaidia wenye mawe ya oksaleti ya kalsiamu na ya asidi ya yuriki. Lakini haitaliondoa jiwe lililoletwa na maambukizi, na mgonjwa anayeitegemea hupoteza muda huku figo yake ikiharibika.

Jiwe lisitupwe

Licha ya umuhimu huo wote, mawe mengi hutupwa. Mgonjwa hulipitisha jiwe chooni akashukuru kwamba maumivu yamekwisha, au akatolewa jiwe kwa upasuaji asiulizie lilikopelekwa.

Mtu aliyeambiwa ana jiwe dogo linalotarajiwa kutoka lenyewe anashauriwa kukojolea kwenye chombo na kuuchuja mkojo kwa kitambaa safi au chujio dogo. Jiwe likipatikana, lisuuzwe kwa maji safi, likaushwe na kutiwa ndani ya chupa au mfuko safi bila dawa wala spiriti, kisha lipelekwe kwa daktari. Hata chembe ndogo kama mchanga hutosha.

Maabara hulichunguza jiwe kwa miale ya infraredi au kwa eksirei maalumu inayotambua mpangilio wa madini. Si kila hospitali ina mitambo hiyo, lakini jiwe kavu halioizi na linaweza kutumwa mbali. Pale ambapo jiwe halikupatikana, daktari hukisia aina yake kwa kupima asidi ya mkojo, kutafuta bakteria, kupima kalsiamu na asidi ya yuriki kwenye damu, na kuangalia umbo la chembe kwa hadubini.

Majibu hubadilisha tiba. Jiwe la asidi ya yuriki huweza kuyeyushwa kwa dawa zinazopunguza asidi ya mkojo, bila kisu. Struviti hulazimu kuondolewa lote pamoja na kutibu maambukizi, kwani kipande kinachobaki huhifadhi bakteria na kukua upya. Mawe ya oksaleti hayayeyuki kwa dawa: madogo yasiyozidi milimita tano mengi hutoka yenyewe, na makubwa huvunjwa kwa mawimbi au kutolewa kwa kifaa kinachopitishwa katika njia ya mkojo au mgongoni. Sistini nayo ni ngumu kuvunjika kwa mawimbi, na huhitaji maji mengi na dawa za kudumu.

Dalili za hatari

Wataalamu wanahimiza kwamba baadhi ya hali zisisubiri. Mgonjwa mwenye maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka anapaswa kufikishwa hospitalini siku hiyo hiyo, maana mkojo ulioziba na kuambukizwa huweza kuua kwa muda mfupi. Vivyo hivyo kwa asiyepata mkojo kabisa, anayetapika bila kukoma, mama mjamzito, na mtu mwenye figo moja.

Kinga inayowafaa wote, bila kujali aina ya jiwe, ni maji. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka wa 1996 uliwafuatilia kwa miaka mitano watu 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa waliohimizwa kunywa maji mengi, asilimia 12 walipata jiwe tena, ikilinganishwa na asilimia 27 ya wenzao. Lengo ni kupata angalau lita mbili za mkojo kwa siku, na kwa anayeshinda juani hilo humaanisha kunywa lita tatu au zaidi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, maji hayatoshi. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, yanatosha. Mgonjwa wa moyo au ambaye figo zake zimeanza kushindwa aulize daktari kwanza kiasi kinachomfaa.

Kupunguza chumvi pia huwasaidia wengi, kwa kuwa chumvi ya mezani huzilazimisha figo kutoa kalsiamu zaidi. Baada ya hayo mawili, maji na chumvi, ushauri hugawanyika kulingana na jiwe. Kwa hivyo, swali la kwanza ambalo mgonjwa wa Migori au Homa Bay anafaa kumuuliza daktari wake, kabla ya kuuliza aache kula nini, ni hili: jiwe langu ni la aina gani?